Karafuu Maiti Kwenye Chupa ya Nne

Siku ile Dalenda alisahau bismillahi. Kosa dogo, mtasema. Nendeni mkaliseme mjini kwao, Kairuwani!

Kazi yake katika maabara ya maji ilikuwa kunusa. Maji yanayolalamikiwa huletwa kwenye chupa zenye namba tu, moja kati yake ikiwa maji safi ya kulinganishia. Huyapasha moto harufu ipande, akanusa, kisha mashine ikathibitisha. Yai viza, salfa. Dawa ya hospitali, klorini iliyokutana na fenoli. Udongo uliolowa, mwani. Pua yake haikuwahi kukosea.

Mwenzake, Mzee Tijani, kila akimwaga maji ya moto kwenye sinki hutamka bismillahi, ili wenyewe wa mtaroni wapishe. Dalenda humcheka.

Jumatatu akamwaga chupa nzima ya maji ya moto, kimya. Mtaroni kitoto kikalia, mara moja tu.

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia," Tijani akanong'ona. "Umemuunguza mtoto wa watu, binti yangu."

Jumanne chupa moja ikanuka karafuu maiti.

"Mwani huo," Dalenda akasema. Kweli, uko mwani wa harufu hiyo. Lakini mashine haikuona kitu, na nyumba ilikotoka chupa ile ikazika mtoto. Jumatano nyumba nyingine. Alhamisi nyingine. Tijani akaleta shekhe, akasoma juu ya sinki mpaka akaloa jasho.

"Jini mama anatafuta mlango wa aliyemuunguzia mwanawe," shekhe akasema. "Mimi simuwezi. Nisameheni."

Ijumaa asubuhi chupa tatu zilikuwa safi, Dalenda akaanza kupumua, akafungua ya nne, na harufu ikampanda puani, karafuu maiti na majani ya mkunazi, maji yale yale waliyomwoshea marehemu mama yake, ikamshuka kooni, ikamkaa kifuani, naye akashindwa hata kuiweka chupa chini.

"Ya nani hii, mzee?"

Tijani akafungua daftari la namba, akalifunga. Machozi yalimtoka.

"Ndiyo ya kulinganishia. Uliyokinga jikoni kwako."

Dalenda akapiga simu nyumbani. Akapokea Yusra, bintiye wa miaka sita, aliyebaki nyumbani na bibi yake mzaa baba kwa mafua.

"Mwanangu, usinywe maji! Umesikia? Usinywe!"

"Nimeshakunywa, mama. Leo matamu." Kisha akanong'ona, "Mama, yule mwanamke aliyekaa jikoni ni nani? Mtoto wake ameungua."