Jaribio la Kumi na Mbili

Kila alasiri Chiriku aliweka mkoba, akala, akaosha vyombo, ndipo akakaa mbele ya kompyuta ya zamani ya mama yake mdogo. Jina la Chiriku alipewa darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama mdogo, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alifanya kazi ya kuandika programu za kompyuta, naye ndiye aliyemfundisha.

Wiki ile Chiriku alikuwa na kazi ya maana. Darasa lao lilitumia programu ndogo iliyosoma maandishi ya Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache, na kuyageuza kuwa ukurasa wa kupendeza. Neno likiwekwa kati ya nyota mbili (*), lilitokea kwa herufi za mlazo, zilizoinama ubavu. Fomula, hata hivyo, programu haikuzijua. Mwalimu wa hisabati alimtaka Chiriku aifundishe, ili fomula ikiandikwa katikati ya sentensi, baina ya alama mbili za dola, itokee kama ilivyo kitabuni. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Twiga, rafiki wa Chiriku wa dawati moja, alikuwa nyumbani wiki ya pili, mguu umefungwa plasta. Angekuja kwa magongo kufanya mtihani, na muhtasari wa masomo wa mwalimu, ambao ungepitia programu hiyo, ndio pekee angekuwa nao wa kujisomea.

Mama mdogo alimwandalia majaribio kumi na mawili: sentensi za mfano, kila moja na jibu lake. Programu ikipatia, jaribio huwa la kijani. Ikikosea, huwa jekundu. Kufikia Jumatano, kumi na moja yalikuwa ya kijani. La kumi na mbili, lenye nyota ndani ya fomula, liligoma. Chiriku akabadilisha hiki, akageuza kile, wapi! Jekundu vilevile.

"Umefika wapi, mwanangu?" mama mdogo aliuliza kutoka jikoni.

"Namalizia, mama mdogo!"

Akalifuta lile jaribio. Mama mdogo alipokuja kuchungulia, aliona kijani kitupu, akampigia makofi. Jioni hiyohiyo muhtasari ulitumwa kwa darasa zima. Chiriku alitabasamu, akazima kompyuta haraka.

Alhamisi alipitia kwa Twiga. Alimkuta kitandani, mguu juu ya mito, daftari mapajani.

"Afadhali umekuja!" Twiga alisema. "Asante sana kwa ule muhtasari. Ona, nimemaliza mazoezi yote ya ujazo."

Chiriku akasoma. Sanduku lenye urefu wa 3, upana wa 4 na kimo cha 5: ujazo 345. Lililofuata, 2, 6 na 7: ujazo 267. Kurasa nne nzima, mwandiko safi, kila jibu ni tarakimu zilizopangwa foleni.

"Mbona umezipanga hivi?"

"Si ndivyo ilivyoandikwa? Hata mimi nilishangaa. Nikasema labda kichwa changu kimelala mno, nikakariri tu."

Chiriku akautazama muhtasari kwenye simu ya Twiga. Mwalimu alikuwa ameandika 3*4*5, nyota zikiwa za kuzidisha. Programu ilidhani ni nyota za mlazo, ikazila, ikabakiza 345, ile 4 imelala ubavu. Jaribio la kumi na mbili lilikuwa limemwambia hilohilo. Angeweza kusingizia kompyuta, na Twiga angeamini. Lakini alipozitazama tena zile kurasa nne, machozi yalimlenga.

"Si kichwa chako, Twiga. Hapa ni kuzidisha, jibu ni 60. Mimi nililiona kosa, nikalificha. Nisamehe."

"Kurasa nne, Chiriku. Nne!" Twiga alisema. "Mkono nao ulikaribia kufungwa plasta." Kisha akacheka. "Haya, kimbia ukarekebishe."

Chiriku alimkuta mama mdogo mlangoni, ndiyo kwanza anatoka kazini. "Mama mdogo, nililifuta jaribio la kumi na mbili."

Mama mdogo hakufoka. "Lirudishe," alisema. Likarudi, jekundu. "Ukiosha vyombo, unaanza na nini?"

"Glasi. Nikizichanganya na masufuria zitavunjika."

"Na fomula je?"

Chiriku akashika kichwa. Programu yake ilishughulikia nyota kwanza! Akaigeuza: kwanza itoe fomula zote na kuziweka kando, kisha ishughulikie nyota zilizobaki, mwisho irudishe kila fomula mahali pake. Majaribio yote kumi na mawili yakawa ya kijani. Kabla jua halijazama, darasa lilikuwa na muhtasari mpya, pamoja na ujumbe wa Chiriku wa kuomba radhi. Mwalimu akajibu, "Asante kwa kusema mapema."

Ijumaa Twiga alitoka kwenye mtihani akiyumba na magongo yake. "Sanduku limekuja!"

"Ukafanyaje?"

"Nimezidisha, wewe! Asante."

"Asante wewe. Bila daftari lako, ningebaki na uongo wangu."

Jioni Chiriku aliongeza jaribio la kumi na tatu: sanduku la Twiga. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yake.

"Twiga umemshukuru. Na lile jaribio jekundu?"

"Kwani jaribio nalo hushukuriwa?"

"Sana. Lilikuambia ukweli wakati mimi nakupigia makofi ya bure. Anayekuonyesha kosa lako mapema, awe mtu au mashine, amekufanyia hisani. Usimfute, mwanangu. Msikilize."

Chiriku akaisogelea skrini. "Asante," alinong'ona, "na samahani." Kisha akaenda kuosha vyombo, akaanza na glasi.