Golikipa wa Maili Sitini

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya shule ikilia tu, Tess Kovarik alikuwa wa kwanza kutoka. Baba yake, Dale, alikuwa akimngoja nje kwenye pikapu, injini inanguruma, mbwa kajilaza kiti cha nyuma. Tess alivua viatu vya shule na kuvaa vya mpira humo humo garini, huku akitafuna runza ya moto, mkate uliojazwa nyama na kabichi, makombo yakimdondokea mapajani. Kutoka shambani kwao hadi mji wa Tillery ni maili sitini na zaidi, mabua ya mahindi kushoto, mabua ya mahindi kulia.

"Glavu umechukua?" Dale aliuliza.

"Ninazo, baba."

"Na ukiulizwa unakaa wapi?"

"Kwa shangazi Lorna, Mtaa wa Elm."

"Haya."

Swali hilo aliliuliza kila safari, na kila safari Tess alijibu akiangalia dirishani. Walikuwa wawili tu nyumbani tangu mama yake alipofariki, na hawakuwa watu wa kudanganya. Lakini huko kwao hapakuwa na timu ya wasichana, na klabu ya Tillery ilikuwa na Kocha Rhonda Pruett.

Kocha Pruett alikuwa na kazi mbili. Asubuhi na mchana aliwafundisha wasichana wa Chuo cha Tillery. Jioni, wakati wakubwa wa chuo wamekwisha kwenda kula, yeye alibeba gunia la mipira begani na kuvuka barabara kwenda kuwafundisha watoto wa klabu. Wakubwa hao walikuwa na ofisi zenye mazulia. Yeye walimpa chumba kilichokuwa stoo ya neti, bado kinanuka mpira wa zamani. Hakunung'unika. Ujanani alikuwa golikipa, na vidole vyake viwili vilikuwa vimepinda mpaka leo.

"We Tess! Unadaka kwa mikono, kifua umekiacha nyumbani?" alikuwa akipaza sauti. "Kiweke nyuma ya mpira! Na ukianguka, anguka kwa ubavu. Kiwiko utakihitaji ukiwa bibi."

Tess aliyashika maneno yote. Mwaka mmoja chini ya Kocha Pruett, na msichana aliyekuwa akifumba macho mpira unapokuja sasa alikuwa akiufuata hewani kama mtu anayechuma tufaha.

Tatizo lilikuwa sheria ya michezo ya vyuo. Kocha wa chuo haruhusiwi kufundisha kwenye klabu mtoto anayeishi zaidi ya maili hamsini kutoka hapo. Kocha Pruett mwenyewe aliwaeleza wazazi mwanzoni mwa msimu: zamani makocha wengine waliwavuta watoto wa mbali kwa kuwatia tamaa ya nafasi chuoni. Kocha akivunja sheria hiyo, kazi yake ya chuo iko hatarini.

"Waliotunga hiyo wamekaa mjini, viwanja viko nje ya madirisha yao," Dale alisema siku hiyo garini. "Mtoto wa shamba acheze na ng'ombe?" Basi akamwandikisha Tess kwa anwani ya dada yake Lorna.

Alhamisi moja ya Aprili, theluji ya mwisho wa msimu ilimwagika huko magharibi na kuziba barabara ya shambani. Tillery haikupata hata punje. Tess hakwenda mazoezini. Jumanne iliyofuata alikuta wenzake wamemkalia mkao wa kumsubiri.

"Mwenzetu kafufuka!" alisema Yesenia Rubio, mshambuliaji wao, ambaye mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko miguu yake. "Kutoka Mtaa wa Elm ni mwendo wa kutema mate, na bado umeshindwa kufika?"

"Nilikuwa na homa," Tess alisema.

"Tunajua. Kocha alipoambiwa na baba yako, alikuletea supu."

Tess aliacha kufunga kamba za kiatu. "Supu gani?"

"Si ya kuku? Alikwenda mwenyewe baada ya mazoezi, na baridi ile. Shangazi yako akamwambia umelala. Wewe supu ulikunywa ukiwa usingizini?" Wenzake walicheka. Kisha Yesenia akashusha sauti. "Ila lisikutoke hili. Watu wa klabu moja ya mji wa Lincoln wamepeleka maneno chuoni kwamba Kocha anaokota watoto wa mbali. Ameitwa leo na mkuu wa michezo. Unajua amejibuje? Kasema, 'Mimi watoto wangu nawajua hadi milangoni kwao. Juzi tu nilikuwa kwa golikipa wangu nimempelekea supu.'"

Tess alizirudia kamba za kiatu, akazifunga vibaya. Kocha alikuwa amesimama mbele ya wakubwa wake na kumtetea kwa neno lake mwenyewe, na neno hilo, bila yeye kujua, halikuwa kweli. Jioni ile Tess alifungwa mabao ambayo hata mbwa wao angeyazuia.

Walipokuwa njiani kurudi, alimweleza baba yake yote.

"Kaa kimya," Dale alisema. "Jumamosi ni nusu fainali ya jimbo. Golikipa mwingine hawana."

"Na Kocha je?"

"Hakuna atakayejua."

"Kaweka neno lake kwa ajili yangu, baba. Wakija kujua, anafukuzwa yeye. Wewe na mimi tutarudi zetu shambani."

Dale aliendelea kuendesha. Alikuwa tayari kuwakosea wale wakubwa wa kwenye mazulia, hata usingizi asingekosa. Lakini aliyepika supu hakuwa mmoja wao. Mbele kidogo akapunguza mwendo, akageuza gari katikati ya barabara tupu.

Walimkuta Kocha Pruett katika stoo yake, anashona neti kwa sindano kubwa. Tess alibaki amesimama.

"Kocha, mimi sikai kwa shangazi. Nakaa shambani, maili sitini na kitu. Siku ile sikuumwa. Barabara ilizibwa na theluji."

Sindano ilisimama. Kocha alimtazama Tess, kisha Dale aliyekuwa akiikunjakunja kofia yake.

"Niliyemtuma aseme hivyo ni mimi," Dale alisema. "Mtoto usimlaumu."

"Kwa hiyo ile supu ilinywewa na nani?"

"Lorna," Dale alijibu kwa sauti ndogo. "Alisema chumvi ilizidi."

Kocha alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. Hapo hapo akainua simu na kumpigia mkuu wa michezo, Bwana Whitcomb.

"Leo asubuhi nilikuambia jambo ambalo si kweli. Sikujua. Sasa nimejua. Golikipa wangu anaishi nje ya eneo."

Sauti ya Bwana Whitcomb ilisikika hadi mlangoni. "Sasa mama, haraka ya nini? Si lisubiri Jumatatu? Jumamosi rais wa chuo anakuja kupiga picha na timu!"

"Utakuwa huniamini tena Jumatatu," Kocha alisema. "Andika leo." Akakata simu.

Tess machozi yalimtoka. "Sitacheza Jumamosi?"

"Kwangu huchezi tena, mwanangu. Sio Jumamosi, sio siku nyingine." Alisema polepole, na ilionekana wazi kwamba maneno yale yalimuuma kuyasema kama yalivyomuuma Tess kuyasikia.

Siku ya mechi, chuo kilikuwa kimemzuia Kocha Pruett kuisogelea timu ya klabu hadi uchunguzi uishe. Alisimama nje ya uzio, mikono mfukoni. Rais wa chuo hakufika. Golini aliwekwa Yesenia, glavu za Tess mikononi, maana ndiye aliyejitolea. Alipiga kelele mechi nzima, akaokoa mipira miwili kwa magoti na mmoja kwa sikio, wakafungwa matatu kwa mawili.

Tess alikuwa amejiandaa kununiwa. Yesenia alimjia huku akipuliza viganja vilivyoiva.

"Kumbe mpira unauma hivi! Mbona hukuwahi kutuambia?" Akamtupia glavu. "Chukua madude yako. Na ningekuwa wewe, ningesema mapema, tukapata wiki ya kunifundisha."

"Samahani, Yesenia."

"Nimekusikia. Ila bado nimekasirika, mpaka nile."

Kocha Pruett alimwita Tess na Dale kwenye uzio. Chuo kilikuwa kimempa onyo na kumwachia kazi yake, kwa sababu aliripoti mwenyewe kabla hajashikwa.

"Klabu ina timu ya pili ya wasichana," alisema. "Anaifundisha Bwana Haskell, yule wa posta. Yeye hana chuo, kwa hiyo sheria haimgusi. Mtoto wa umbali wowote anacheza. Wanafungwa kila wiki, hawana golikipa. Nimemwambia kuna mmoja."

"Na wewe hutamfundisha hata kidogo?" Dale aliuliza.

"Hata kidogo. Nitamsalimia, kama ninavyowasalimia wengine."

"Sheria ya kijinga hiyo," Dale alisema.

"Inawezekana," Kocha alijibu. "Lakini sikiliza, Tess, na wewe baba yake usikilize. Sheria ukiiona mbaya, ipinge hadharani, kwa jina lako na mahali unapokaa kweli. Ukiizunguka kwa uongo, aliyeitunga haumii, wala hana habari. Anayeumia ni yule aliyekuamini. Wewe Tess ulilijua hilo mapema kuliko sisi wakubwa, ukaja kusema huku unajua utapoteza nafasi. Kudaka nimekufundisha mimi. Hilo sikukufundisha, na ndilo nitakalokusifia kwa watu."

Tess alijifuta pua kwa glavu. Dale alimgeukia Kocha.

"Wale wa chama cha mpira cha jimbo, si ndio wanaoweza kuwafikishia vyuo malalamiko ya sheria hii? Hukutana lini? Huko kwetu wasichana wako tele, timu hakuna."

"Mwezi ujao, hapa hapa Tillery. Hoja hiyo hawajawahi kuisikia. Kila mzazi wa huko hupita mlango wa nyuma."

"Nitakuja," Dale alisema, akavaa kofia yake. "Na nitaanza kwa kuwaambia ninakokaa."