King'ora Kilichonyamazishwa

Ndugu zangu, nyumba hii ilikuwa na utulivu wake. Mama mwenye nyumba alikuwa fundi wa dira za meli bandarini. Mumewe alikuwa afisa wa zamu katika meli moja, na kaka yake mama alikuwa mpishi wa meli hiyohiyo. Asubuhi ya safari walikunywa chai pamoja, wakimcheka mpishi kwa kuunguza mkate wa dada yake.

Kilichoudhi ni simu tu. Mume hakuiweka chini hata akila.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "dira ya jairo, ile inayozungushwa kwa umeme, nimeisafisha, iko sawa. Lakini umeme ukikatika, gurudumu lake likianza upya huchukua saa nyingi kutulia. Mpaka litulie, fuata dira ya sumaku. Na king'ora cha dira kikilia, usikizime ukajiendea zako."

"Nimekusikia, mama," alijibu, macho kwenye mchezo wake.

Alisikia nini?

Baharini jenereta ilizimika kidogo, ikarudi. King'ora kikalia. Mume akabonyeza kitufe, kikanyamaza, naye akarudi kwenye simu. Meli ilikuwa ikijiendesha kwa kuifuata dira ambayo haijatulia, basi ikapinda taratibu, mchana kweupe, hadi ikapanda mwamba. Maji yaliingia jikoni kwanza. Mpishi hakutoka.

Matanga hayajaisha, mume akamvuta mkewe chumbani.

"Wachunguzi wanakuja kesho. Waambie ulikosea ulipoisafisha ile dira. Wewe watakuonya tu. Mimi nitafungwa."

Mama akajinasua mkononi mwake. "Kaka yangu amekufa maji wewe unacheza, halafu nibebe mimi?"

"Wafikirie watoto."

"Ungewafikiria wewe kilipolia king'ora. Toka mbele yangu."

Kesho yake aliwaeleza wachunguzi yote, pamoja na ombi lile la chumbani. Mume akafungwa. Watoto wakimuuliza habari za mjomba, mama huwasimulia vituko vyake mpaka wacheke. Wakimuuliza habari za baba yao, huinuka akaosha vyombo ambavyo ni visafi. Hasira haijamtoka, na mimi simlaumu.

FUNZO

Wewe uliyekabidhiwa roho za watu, uwe melini, kwenye gari au wodini, weka hiyo simu chini. King'ora kikilia, inuka ukatazame kuna nini. Na ukishaharibu, kiri kosa lako mwenyewe. Kumtwika mkeo ni ukatili wa pili.