Shamba Lililofutika Kiwangwa

"Nani ameandika jina hili?" Saida aliuliza.

Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya kituo cha mafunzo mjini Bagamoyo, kidole chake kikigusa mstari wa kwanza wa programu aliyoitengeneza. Mstari ulisomeka: Imeandikwa na Sharifu Abdullatif.

Sharifu, mwalimu wake, ambaye wiki mbili nyuma alipeleka barua ya posa kwa baba yake Saida, hakukwepa.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Wazee wa Kiwangwa hawatamsikiliza msichana aliyeanza kujifunza programu za Java miezi mitano iliyopita. Wakiambiwa ni kazi ya mhitimu wa chuo kikuu, wataipokea. Baadaye tutawaeleza."

"Baadaye lini?"

Sharifu akaongeza tu kwamba asubuhi ile aliipitia programu na kuirekebisha kidogo, akaondoa vitu visivyo na kazi.

Saida akachukua mkoba wake. Mkutano wa kuwaonyesha wakulima programu ulikuwa umebakiza saa mbili, na Kiwangwa ni mbali.

Alipofika kituoni mara ya kwanza alijua simu tu. Wiki ya kwanza nukta-mkato moja aliyoisahau mwishoni mwa mstari ilimshinda kutwa nzima. Sharifu alimweleza klasi na objekti mara tatu, kila mara kwa mfano wa gari, na Saida hakuwahi kumiliki gari. Siku ya nne alijieleza mwenyewe: klasi ni fomu tupu, objekti ni fomu iliyojazwa. Akaandika klasi akaiita Shamba. Ndani yake aliweka jina la mwenye shamba, mahali, tarehe ya kupanda na mzao, yaani shina linazaa kwa mara ya ngapi. Kisha akamjazia fomu kila mkulima wa chama cha mananasi cha kwao Kiwangwa, ili programu iseme shamba gani linakaribia kuiva na lori liitwe mapema. Msimu uliopita malori yalichelewa, mananasi yakaozea shambani. Chama kilikuwa kimeahidi kwamba programu ikikubaliwa, aliyeiandika atapewa kazi ya kuisimamia.

Kazi hiyo Saida aliitaka. Alimtaka Sharifu pia. Asubuhi ile aliona huenda asipate vyote viwili.

Ukumbini Kiwangwa, Sharifu alisimama mbele, shati limepigwa pasi, akaeleza vizuri. Mashamba yalijipanga ukutani kwa mwanga wa projekta, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha Mzee Mwishehe, mwenyekiti, akaomba la kwake lijaribiwe: lilichumwa mwezi uliopita, je, linasemaje?

Sharifu aliandika kwamba limechumwa, akabonyeza. Shamba likatoweka kwenye orodha.

"Limekwenda wapi?" Mzee Mwishehe aliuliza.

"Limeshachumwa, mzee. Limemaliza kazi."

"Limemaliza? Nina machipukizi yamefika magotini."

Kicheko kilianzia nyuma. Bi Tabia, mwenye shamba kubwa kuliko wote mle ndani, aliuliza kijana kwao wapi. Akaambiwa Dunda, mjini, kwa wavuvi.

"Basi mwacheni," akasema. "Kwao samaki akishavuliwa, kavuliwa. Mwanangu, nanasi likikatwa, shina linatoa chipukizi na chipukizi linazaa. Wewe umetufutia mashamba yetu yote."

Sharifu aliuangalia ukuta. Saida alijua anachokitafuta na alijua hatakipata. Kitu kisicho na kazi alichokiondoa asubuhi kilikuwa mzao. Kwa mtoto wa mvuvi, kuhesabu mzao wa kwanza na wa pili kulikuwa ni kurudiarudia tu.

Mwenyekiti alianza kufunga daftari. Saida akainuka.

"Shikamoo, mzee. Naomba dakika kumi."

"Marahaba. Wewe si binti Ramadhan? Unazijua hizi kompyuta?"

"Ndiyo."

Alikaa kwenye kompyuta watu wote wakimtazama. Akafuta mstari unaoondoa shamba. Akairudisha sehemu ya mzao, akaandika kwamba likichumwa, mzao uongezeke kwa mmoja na tarehe ianze upya. Mara ya kwanza programu iligoma. Alisoma kosa hadi mwisho, kama alivyofundishwa, akalisahihisha. Ilimchukua dakika nane.

Shamba la Mzee Mwishehe likarudi ukutani: mzao wa pili.

Ndipo Sharifu aliposema, bila kuombwa na mtu:

"Wazee wangu, programu hii si yangu. Saida ndiye aliyeiandika, tangu herufi ya kwanza. Mimi niliweka jina langu, na nilichokigusa ndicho kilichoharibika."

Hakutafuta udhuru. Saida alilizingatia hilo, akaliweka upande wa pili wa mizani, dhidi ya kosa lake.

Kura ilipigwa kwa mikono. Hakuna aliyepinga. Kazi ikawa ya Saida.

Alasiri simu yake iliita mara mbili, hakupokea. Ukaja ujumbe wa Sharifu:

"Najua nilichokifanya. Posa yangu bado ipo?"

Akajibu: "Jibu la posa hupewa mshenga. Mwambie wako, Mzee Salumu, aje."

Mzee Salumu alifika Ijumaa baada ya swala, akakaa barazani na baba yake Saida, wakaulizana hali mpaka zikaisha. Mahari ni haki ya bibi harusi, kwa hiyo Saida aliulizwa anataka nini. Mzee Salumu alikwisha kupeleka habari za vitanda, vyerehani na misahafu. Hili hakuwahi kulisikia.

"Kompyuta ya kubeba, ya kwangu peke yangu," Saida alisema kutoka mlangoni. "Na kabla ya ndoa, aje alime na baba msimu mmoja wa mananasi."

Baba yake alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie jembe lipo."

Sharifu alikuja kila Jumamosi. Mikono ilitoka malengelenge, miiba ya majani ikamchana, Bi Tabia akawa anapita njiani kumuuliza kama leo amevua wangapi. Hakukosa hata Jumamosi moja.

Siku ya nikaha sheikh aliingia chumbani na mashahidi wawili, akauliza:

"Saida binti Ramadhan, umeridhia kuozwa Sharifu bin Abdullatif kwa mahari ya kompyuta moja?"

"Naomba niione."

Ikaletwa. Akaiwasha mbele yao, hina bado mbichi vidoleni, shangazi zake wakiziba midomo kwa kanga. Akaandika mistari michache, akabonyeza, akasubiri. Sheikh naye akainama kutazama.

Ilifanya kazi mara ya kwanza.

"Nimeridhia," akasema, na vigelegele vikasikika mpaka barabarani.