Haya, Bonyeza

Ilianza na shingo. Fundi simu na mkewe walikuwa wakitazama sinema waliyopiga mchana ule, wakaliona zimwi lao likigeuza kichwa, na hakuna kati yao aliyekigusa kichwa kile.

"Umeligeuza wewe," mke akasema.

"Mimi? Kazi yangu mimi ni kidole tu."

Alisema kweli. Wawili hao, chanda na pete, walikuwa na ugonjwa wao wa kutengeneza sinema za mazimwi nyumbani. Mke alikuwa mshonaji. Zimwi alilifinyanga kwa udongo na waya, akalivika manyoya ya koti kuukuu, wakalibandika jina la Babu Meno. Alilisogeza mguu upana wa punje ya mchele, akatoa mikono, akasema "haya", na mume akabonyeza simu iliyofungwa kwenye kiti. Picha moja. Kisha tena, na tena. Picha zikikimbizwa pamoja, zimwi linatembea. Haba na haba hujaza kibaba, mke alipenda kusema, na mume akimjibu kwamba hicho kibaba kitawakuta vikongwe. Mazoea yana taabu: mume alifika mahali akisikia "haya", kidole kinashuka chenyewe, hata hatazami.

Hapo ndipo alipoponzeka.

Jumapili iliyofuata mke alitoka uani kunawa udongo. Mume alikuwa ameinama akijifuta jasho. "Haya," sauti ya mkewe ikasema pale mezani, akabonyeza. "Haya." Akabonyeza tena. Ndipo aliposikia maji yakimiminika uani, na mkewe huko huko akiimba. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Mezani hapakuwa na zimwi, ila nyayo ndogo za udongo zilizoshuka hadi sakafuni na kuelekea uani.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Alimkuta mkewe amesimama, mikono mbele, maji yakichuruzika, macho wazi, kifua kimetulia. Akamwita, akamtikisa, akamzaba kofi huku analia, na midomo ya mke ikaanza kugeuka buluu, naye kwa kuwa mfa maji haachi kutapatapa, na kwa kuwa hakuna kingine alichojua duniani, akakimbilia simu, akamwelekezea, akabonyeza. Mke akavuta pumzi. Moja tu. Akaganda tena, hadi alipobonyeza tena.

Jirani aliyesikia kilio alipiga simu, shangazi yake mume akaja, mama aliyezeeka katika kazi ya kutoa majini. Alifukiza, akasoma, akauliza kwa sauti ya chini, "Unataka nini?" Mume akabonyeza, mdomo wa mkewe ukatoa kipande cha neno, akabonyeza ukatoa kingine, maskini akawa ndiye anayelisemesha jini kwa kidole chake mwenyewe: "Mme... ni... fu... nza... ku... te... mbea. Na... kwe... nda... na... ye."

"Shangazi, mtoe."

"Mwanangu, jini huingia kwa mlango, nami humtolea kwa mlango huo huo. Huyu hakuingia. Mmemjenga wenyewe, kidogo kidogo." Akakiweka chetezo chini. "Sijui nimshikie wapi."

Shangazi alijaribu kubonyeza yeye, mke hakupumua. Kilichotakiwa ni kidole cha mume. Na mume, ambaye macho yake hayakuwa yamebanduka usoni pa mkewe, sasa akatazama chini, akaona kwamba kwa kila pumzi anayompa, mguu wa mkewe unasogea upana wa punje ya mchele kuelekea mlango wa mbele, kwa hiyo akibonyeza anaondokewa, asipobonyeza anafiwa, na katika kufikiri hivyo tu midomo ilishageuka buluu tena, akabonyeza, akabonyeza, akamfuata sebuleni, akamfuata hadi kizingitini, hadi barabarani.

Majirani wakatoka, wakacheka, wakapiga makofi kwa jinsi mshonaji wao anavyojua kuigiza.

"Shemeji," mmoja akauliza, "hii itaisha lini?"

Fundi aliinua simu. Jicho la mkewe lilikuwa limegeuka kidogo, likimtafuta. Akabonyeza.

"A," mke akasema, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyoijua mumewe toka ujana wao.

Akabonyeza.

"Cha."

Mume alilielewa ombi lake vizuri kabisa. Alisimama pale barabarani machozi yakimtoka, akimtazama kifua, akingoja kinyanyuke chenyewe, akingoja, akingoja. Kisha akabonyeza.