Kikombe Ndani ya Ndoo

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Jicho alimfuata shangazi yake kanisani kufanya usafi. Jina hilo alipewa nyumbani, maana hakuwa mtu wa kupita kitu bila kukichungulia. Siku hizo alimchungulia mtu mmoja tu, mlinzi mpya.

Mlinzi huyo aliwahi kufungwa kwa kuvunja kanisa hilohilo na kubeba vipaza sauti. Alipotoka gerezani alitubu, na mchungaji akampa kazi ya getini. Waumini walipiga makofi. Jicho hakupiga. Alimwona akizunguka madirishani huku akitikisa vitasa.

"Shangazi, huyu anapima pa kuingilia."

"Anakagua, mwanangu. Hebu shika fagio."

Moyo wake haukutulia. Shangazi alipotoka kuteka maji, akiacha wazi kabati alilokuwa akilifuta vumbi, Jicho alichukua humo kikombe cha Meza ya Bwana, akakifunika kwa matambara ndani ya ndoo, akakipeleka stoo. Alijiambia kwamba hajaiba, anawasaidia tu wakubwa kuona anachokiona yeye.

Jumapili asubuhi kikombe kikakosekana. Wazee wa kanisa wakamzunguka mlinzi.

"Si tulisema sisi!" mmoja akafoka. "Toa kikombe, la sivyo tunaita polisi!"

Mlinzi alimtazama Jicho mara moja, kisha akainamisha kichwa. "Sina kikombe. Kama hamniamini, waiteni."

Wazee walipokwenda kupiga simu, Jicho alimsogelea mlinzi.

"Uliniona?"

"Nilikuona jana. Ndoo ya matambara haikumbatiwi namna ile."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mimi nimeshazoea kuitwa mwizi," mlinzi akajibu taratibu. "Wewe hujazoea."

Jicho alitafuta hila katika maneno yale, kama kawaida yake, asiione. Machozi yakamlengalenga. Alikimbilia stoo, akarudi na kikombe, akasimama mbele ya wazee.

"Nilikificha mimi. Nilitaka afukuzwe."

Shangazi alishika kichwa. Wazee wakaangalia viatu vyao.

"Umefanya ubaya, mwanangu," mchungaji alisema, "na ubaya hauwi wema kwa sababu umeishia pazuri. Lakini Mungu hashindwi na ubaya wetu. Msalaba ulikuwa kitu cha kuulia watu, naye akautumia kutuokoa. Leo aliyekuwa mwizi amekubali kubeba kosa la mtu asiyemwamini, na sisi tunaojiita wema tulikuwa mbioni kumrudisha gerezani. Kabla ya kumchungulia mwenzako, uchungulie kwanza moyo wako."

Kisha akatoa ufunguo wa kabati, akamkabidhi mlinzi. Mzee mmoja alikohoa kwa wasiwasi.

Jicho akamsogezea mlinzi kikombe kwa mikono miwili. "Nisamehe, mjomba. Kirudishe wewe."

Mlinzi alikipokea, akaenda nacho kabatini. Safari hii Jicho hakumfuata kumchungulia.