Pipa Nyuma ya Mawe

Mwaka 1975 rafiki yangu Lutengano, fundi wa Mbeya, alimjengea ofisa mmoja wa Milanzi bwawa la bustani lililoinuliwa kwa matofali. Maji yalichujwa kwenye pipa la changarawe, ndipo yaporomoke bwawani.

"Pipa hilo linanikera. Lifiche!" ofisa alifoka.

Lutengano akafuata mawe kwenye mahame, njia ya Kaoze. Dominika, mjane aliyehamishwa kutoka hapo kwa nguvu kwenda kijiji cha ujamaa, akamtemea mate miguuni.

"Nyumba mmetubomolea, sasa na mawe?"

Lutengano akayapakia hivyo hivyo.

Jioni, pipa lilipokwisha kufichika, mtu akakohoa nyuma ya mawe. Lutengano akang'oa jiwe moja, akapenyeza mkono gizani, ndani ya pipa. Maji yalikuwa bado yanaporomoka, lakini changarawe zilikuwa kavu, zina joto, zimebonyea kama godoro ambalo mtu ametoka kulilalia sasa hivi.